Fomu ya ruzuku inauliza gharama ya kikapu kimoja, nami nimekwama hapo

MsusiDunga:

Habari zenu wote. Nasuka vikapu vya gugu maji, ule mmea unaoelea ziwani, hapa Dunga, Kisumu, mwaka wa tisa sasa. Kinachotoka zaidi ni kikapu kikubwa cha nguo chafu chenye kifuniko, halafu trei na vivuli vya taa. Kuna mama mmoja ananisokotea kamba, na kijana wa mtumbwi huniletea mabua. Kusuka ni mimi mwenyewe.

Mwaka jana niliomba ruzuku ya mafundi wa kazi za mikono. Fomu niliijaza kwa simu usiku mbili, watoto wakiwa wamelala. Walikuja wakaona kazi, wakaisifu, wakapiga picha. Baada ya miezi mitatu nikapata ujumbe wa mistari miwili kwamba kumbukumbu zangu za fedha hazitoshi. Iliniuma sana, maana nilikuwa nimeshawaambia wenzangu kuwa tutajenga kibanda cha kukaushia. Gugu maji likikosa jua siku tatu linashika ukungu, na ukungu ukishaingia ndani ya bua hakuna vanishi itakayouficha. Aprili iliyopita nilitupa mabua ya oda nzima.

Sasa kuna mwito mwingine. Unafungwa mwisho wa mwezi ujao na kiwango cha juu ni laki tatu. Swali la 14 linasema: "Gharama ya kutengeneza bidhaa yako moja ni kiasi gani?" Nimeandika nikafuta mara sijui ngapi. Nauza kikapu 1,200 kwa mnunuzi wa Nairobi kwa sababu ndiyo bei niliyomkuta nayo mama aliyenifunza. Sijawahi kuuliza ilitoka wapi.

Kuna mtu mjini anataka elfu nane anijazie fomu, na asilimia kumi nikipata. Nimpe? Nina miaka 41, kwa hivyo zile za vijana tafadhali msinitajie.

FundiChapa_Kondele:

Mama, usimpe hata mia.

Mimi nachapa fulana na mabango hapa Kondele, na nimeshakaa mbele ya jopo la ruzuku mara mbili. Mara ya kwanza fomu nilikuwa nimeandikiwa na mtu kama huyo wako. Ilikuwa na maneno mazuri ajabu. Wakaniuliza, "Umeandika kwamba mauzo yatapanda kwa asilimia sitini. Yatapanda vipi?" Sikuwa na jibu kwa sababu sentensi haikuwa yangu. Nilitoka pale nikijua nimeshindwa kabla hawajaniambia. Halafu hiyo asilimia kumi, utaitoa kwenye bajeti gani? Pesa ya ruzuku hutolewa hesabu kwa risiti, na risiti ya mtu wa kujaza fomu haipokelewi.

Kumbukumbu hazihitaji mtaalamu. Chukua namba ya Till ya kupokelea malipo ya biashara kwa M-Pesa, au Pochi la Biashara kama Till inakuchelewesha, na pesa ya kikapu isiingie tena kwenye laini unayonunulia unga. Kila usiku andika daftarini kilichoingia na kilichotoka. Miezi mitatu ya daftari safi pamoja na taarifa ya M-Pesa inasomeka kuliko miaka tisa ya kukumbuka. Kama hujasajili jina la biashara, ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wiki hii, kisha uwe na PIN ya KRA, watu wa ushuru. Karibu kila mwito niliojibu uliomba hivyo viwili kabla ya kitu kingine.

Lakini swali la 14 ndilo kubwa. Leo usiku weka kikapu kimoja mbele yako, uandike kila kitu kilichoingia ndani yake. Kila kitu. Mabua, fremu, vanishi, mtu wa kamba, boda. Kisha uandike siku ulizokaa nacho. Ulete hapa tuhesabu pamoja.

kijana_wa_Oile:

Jaribu ruzuku ya wakfu wa Tony Elumelu, wanatoa dola 5,000 na hawaangalii umri.

FundiChapa_Kondele:

Wanataka biashara isiyozidi miaka mitano, na maombi hufunguliwa Januari 1 hadi Machi 1. Mama ana miaka tisa kazini. Asipoteze usiku wake huko.

Mama_Chama_Vihiga:

Dada, mimi nitasema tofauti kidogo na usikasirike. Ruzuku ni kungoja. Niliingoja moja miezi minane huku wateja wa vyungu vyangu wakienda kwingine. Hazina ya Uwezo ya serikali inakopesha makundi ya wanawake bila kikomo cha umri, kuanzia 50,000 hadi 500,000. Haina riba, wanakata asilimia 3 ya usimamizi, mnapewa miezi sita kabla ya kuanza kulipa na mnamaliza ndani ya miaka miwili. Fomu zinapitia kamati ya eneo bunge lenu. Kundi letu limekopa mara mbili na tumelipa mara mbili.

Ile Hazina ya Hustler, mkopo wa serikali wa kwenye simu, sikushauri kwa kazi yako. Ni 500 hadi 50,000, lakini unalipa ndani ya siku 14. Mabua yako yakianikwa leo, siku 14 zinaisha kikapu hakijafika hata kwa mnunuzi.

Kasoro ya Uwezo ni kwamba lazima muwe kundi lililosajiliwa, na mwenzako akikwama mnabeba nyote. Mchague watu ambao mmezikana pamoja.

NgoziNakuru:

Nimesoma nikaguswa, kwa sababu nashona mikoba ya ngozi na nilianza hivyo hivyo.

Jambo moja kuhusu kuandika. Najua utashawishika kusema kwamba unasafisha ziwa. Gugu maji liko Ziwa Victoria tangu mwisho wa miaka ya themanini na kila mwenye mradi husema analiondoa. Anayesoma maombi ameshaisoma sentensi hiyo mara mia, na anajua upepo ukigeuka linafunika Ghuba ya Winam kwa usiku mmoja. Wewe mwambie unachotumia. Pima mzigo mmoja mbichi kwenye mizani, uupime tena ukikauka. Mmea ule karibu wote ni maji, utashangaa kinachobaki. Namba hizo mbili zina uzito, maana ni mtu aliyelishika kwa mikono tu anayeweza kuziandika.

Huku kwetu Nakuru iliingia kwenye mtandao wa miji bunifu ya UNESCO mwaka 2021, upande wa kazi za mikono na sanaa za jadi. Mimi binafsi sijapata shilingi kwa sababu hiyo, lakini naitaja kwenye maombi ili msomaji ajue nafanya kazi katikati ya mafundi wengine. Nawe taja Dunga. Eleza nani alikufunza, naye alifunzwa na nani. Pia fuatilia HEVA ya Nairobi. Tangu 2013 wamekuwa wakifadhili biashara za sanaa na ubunifu, kwa hivyo huko hutaanza kueleza kwa nini kikapu ni biashara.

Na tafadhali usiombe laki tatu kwa sababu tu laki tatu ipo. Mwite fundi apime kibanda, akuandikie bei kwa karatasi, uombe hiyo.

MsusiDunga:

Nimekaa na kikapu kama mlivyoniambia. Hesabu ndiyo hii.

Mabua 300. Fremu ya chuma kutoka kwa fundi wa jua kali 250. Vanishi 120. Mama wa kamba 150. Boda na mzigo wa basi 80. Jumla 900. Kwa hivyo kwa 1,200 nabaki na 300, na kikapu kile kinanikalisha siku mbili. Ni 150 kwa siku. Mwanangu mkubwa akienda mjengo siku moja huja na mia sita.

Niliiangalia hiyo karatasi hadi chai ikapoa. Miaka tisa.

FundiChapa_Kondele:

Pole mama. Lakini haijaisha. Yale yanayooza umeyaweka wapi? Ukianika mizigo kumi wakati wa mvua, inayofaa ni mingapi?

MsusiDunga:

Saba. Mvua ikizidi, sita.

FundiChapa_Kondele:

Basi mabua ya kikapu kimoja msimu wa mvua si 300. Gawanya 300 kwa 0.7, unapata kama 430. Jumla inakuwa 1,030. Sasa jilipe. Tuseme 500 kwa siku, siku mbili, elfu moja. Kikapu kinakugharimu 2,030 nawe unakitoa kwa 1,200.

Angalia pia kwamba hapo umepata sababu ya kibanda. Mabua yakikauka vizuri kila mwezi, unaokoa 130 kwa kila kikapu na oda ya Aprili haipotei. Hiyo ndiyo sentensi ya swali la 14, na hakuna mtu wa elfu nane angeiandika.

Mama_Chama_Vihiga:

Na bei, dada? Ruzuku ikija nawe bado unauza 1,200, kibanda kitakukaushia hasara tu.

MsusiDunga:

Nimerudi baada ya wiki tatu. Mniwie radhi kwa kukawia, tulikuwa na matanga nyumbani.

Nilimpigia mnunuzi nikamwambia kikapu sasa ni 2,400, nikamsomea hesabu mstari kwa mstari. Alinyamaza kwa muda. Akasema hiyo ni mara mbili. Nikamwambia najua dukani kinauzwa 3,500, niliona bei mwenyewe nilipoenda harusi ya binamu yangu. Alikuwa akichukua vikapu ishirini. Amechukua vinane kwa 2,300. Nilikosa usingizi usiku ule, kisha nikahesabu: vinane vimeniachia zaidi ya vile ishirini.

Mzigo mbichi nilipima kwenye mizani ya samaki hapa ufuoni. Kilo 40 zilirudi kilo mbili na robo. Nimeiandika. Fundi amepima kibanda cha paa angavu na rafu za waya, akaandika 118,000, nami nimeomba 118,000. Till imetoka, jina la biashara limetoka. Swali la 14 nimejibu 2,030 na chini yake nimeorodhesha kila kitu, pamoja na yale yanayooza.

Mama wa kamba nimempandishia kutoka 150 hadi 200, kwa hivyo itabidi nirekebishe hesabu hiyo kabla sijatuma Ijumaa. Ya Uwezo nimewaeleza wenzangu saba. Tunakutana Jumapili baada ya kanisa.

Erokamano sana.