Waliokatwa neva kwa maumivu sugu ya tumbo, tupeane uzoefu

Mdigo wa Pongwe: Habari zenu wakuu. Nauliza kwa ajili ya dada yangu. Kulia, chini kidogo ya kitovu, pana sehemu anaionyesha kwa ncha ya kidole. Ni hapo hapo miaka yote. Ultrasaundi safi, dawa za vidonda vya tumbo kameza mpaka kachoka, kidole tumbo kilishatolewa na maumivu yakabaki. Sasa daktari wa upasuaji ametaja kukata neva. Mama anaogopa atapooza. Aliyepitia atueleze.

Zuhura_Uholanzi: Pole yake jamani, najua anachopitia. Mimi nilifanyiwa huku, inaitwa ACNES: neva inabanwa pale inapopenya msuli wa tumbo kuja kwenye ngozi. Daktari alinilaza chali, akabonyeza panapouma, akaniambia ninyanyue kichwa na mabega. Nilimshika mkono aache! Hicho ni kipimo cha Carnett, cha tangu 1926. Tatizo likiwa ndani, misuli ikikaza hukinga na maumivu mara nyingi hupungua. Likiwa kwenye ukuta wa tumbo, yanazidi. Ndipo akanichoma sindano ya ganzi pale pale, na baada ya dakika chache nikakaa wima bila kujishika tumbo. Mwambie mama hakuna kupooza. Neva inayokatwa ni tawi dogo la ngozi. Mimi hapo ngozi imebaki na ganzi tu, hata mkanda wa suruali siusikii.

Babu Mzee Moro: Mimi sikufika kwenye kisu. Sindano za ganzi na steroidi zilinitosha, jembe nashika. Aanze na sindano, mkuu. Isipompa nafuu hata ya muda mfupi, muulizeni daktari anakata kwa sababu gani.

Neema K: Kwangu yalirudi. Msimfiche hilo. Waholanzi walichapisha utafiti 2013, wagonjwa 44: nusu walikatwa neva, nusu walipasuliwa tu bila kukatwa. Waliokatwa, 16 kati ya 22 walipata nafuu, wasiokatwa, 4. Mimi niko kwa wale sita. Lakini hata hivyo usiku nalala, zamani silali.

Mdigo wa Pongwe: Asanteni sana. Nimemlaza, nikabonyeza, akanyanyua kichwa, kapiga ukelele mpaka mama kaja mbio. Jumatatu tunaenda kuomba sindano kwanza. Dada Zuhura, baada ya kukatwa ulianza lini kubeba vitu vizito? Ana mtoto wa mgongoni.