Tupeane uzoefu: Vikwazo dhidi ya Ian Smith wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Makaburu wa Afrika Kusini vilifikaje nyumbani kwenu?

Binti Mporoto: Jana nimefungua sanduku la marehemu babu, nikakuta pasi yake ya kusafiria. Imeandikwa kwamba inatumika nchi zote isipokuwa Afrika Kusini. Nikakaa nayo kitandani. Babu huyu huyu miaka ya 1950 alichukuliwa na Wenela, wale waandikishaji wa vibarua wa migodini, kutoka Tukuyu kwenda kuchimba dhahabu kwa Makaburu, kabla hatujapata uhuru na kuwafungia wale waandikishaji. Kwenu vikwazo vilionekanaje? Na hizi karatasi nizifanyeje?

Mtu wa Kyela: Kwetu vilionekana kwenye kopo la jemu. Malawi ya Banda ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Makaburu mwaka 1967, kwa hiyo ng'ambo ya mto Songwe vitu vyao vilikuwa dukani. Mama akavusha kopo moja. Baba akasoma maandishi, akatoka nalo nje, akalimwaga jalalani. Hakufoka. Alisema tu, "Hiki hakiingii humu." Tulikuwa watoto sita na jemu hatujawahi kuionja. Nililia sana.

Dogo wa Mbagala: Samahani, ila mzee alikosea. Wenzetu wa Malawi walikula, na mkopo wa kujenga Lilongwe wakapewa na Makaburu. Sisi tukavunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa kuwa haikumng'oa Smith Rhodesia, mkopo wao wa pauni milioni 7.5 ukaota mbawa. Na Smith mafuta aliendelea kuyapata!

Mtu wa Kyela: Baba yangu muache.

Mwalimu Mstaafu: Dogo, aliyapata kweli. Ripoti ya Bingham ya 1978, ya uchunguzi wa Uingereza, ilionyesha kampuni za mafuta za Waingereza wenyewe zilivyohusika. Sasa unamlaumu aliyetimiza ahadi, aliyekula njama unamwacha?

Wa Eldoret: Mwaka 1976 wanariadha wetu wa Kenya walikosa Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya hao hao Makaburu. Shangazi hadi leo hajasahau.

Utingo wa Zamani: Naandikiwa na mjukuu wangu. Hayo ya jemu yamenigusa, basi nami niseme.

Smith alipoikatia Zambia mafuta mwisho wa 1965, mafuta yakawa yanapita kwetu. Mwaka 1966 nilikuwa na miaka 18, utingo wa lori la kutoka Dar es Salaam. Tulipakia mapipa ya mafuta, tukirudi tunabeba shaba. Lami ilituishia mapema, mbele ni vumbi, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Kupanda mlima Kitonga nilitembea nyuma ya lori na gogo mkononi. Injini ikichoka natupia gogo chini ya tairi, dereva anapumua, tunaendelea. Mikono yangu ina alama mpaka leo.

Siku hiyo tulikuwa tunashuka na shaba, usiku, mvua. Dereva wangu alikuwa Mnyakyusa, mtu wa sala. Nikasikia anakanyaga breki mara tatu, lori halishiki. Akasema, "Mdogo wangu, ruka." Nikamwambia turuke wote. Akasema akiachia usukani tutawaangukia walio chini, maana mbele kulikuwa na taa za malori mengine yanapanda. Akanisukuma kwa mguu. Nikaangukia kwenye majani. Yeye aliliegemeza lori ukingoni mpaka likapinduka. Waliokuwa wanapanda walipona wote.

Asubuhi watu walikuja kuhesabu shaba kwanza. Hilo ndilo linaloniuma.

Dogo wa Mbagala: Shikamoo mzee. Mtu wa Kyela, nisamehe kwa niliyosema.

Mtu wa Kyela: Yameisha.

Mama Nakonde: Mzee, baba yangu alikuwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Askari wa Rhodesia walipolipua daraja la Chambeshi, Zambia, Oktoba 1979, mizigo ilikwama na yeye hakurudi nyumbani wiki nyingi. Tulidhani amekufa.

Mwalimu Mstaafu: Binti, karatasi zipeleke Nyaraka za Taifa.

Mama Nakonde: Asipeleke! Atoe kopi, zenyewe zibaki kwenye ukoo.

Wa Eldoret: Kwanza zitoe kwenye sanduku la mbao, mchwa hawajui historia.

Binti Mporoto: Asanteni. Mzee, yule dereva alizikwa wapi? Sisi ni watu wa huko kwao.

Utingo wa Zamani: Bondeni pale pale. Barabara ilikuwa imefungwa na matope, hatukuweza kumfikisha Tukuyu. Bomba la mafuta la kwenda Zambia lilipofunguliwa 1968 mapipa yakapungua, nikaacha kazi. Nikipanda basi kwenda kusini namwomba dereva apige honi pale. Wengine wanakubali.

Semi ya Tunduma: Mzee, Jumatano napita Kitonga na mzigo wa Lubumbashi. Nitapiga. Ni upande gani?

Utingo wa Zamani: Wewe utakuwa unapanda. Kulia kwako, kabla hujaanza kona.