Mjadala: Je, kiongozi anadaiwa sababu ya kila agizo?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajamvi, mkuu wa kitengo chetu alitutumia ujumbe wa mstari mmoja kwamba kuanzia Jumatatu taarifa zote ziwasilishwe saa 4 asubuhi badala ya jioni, na hakuongeza neno. Kwa siku 3 hatukufanya kazi ya maana. Wapo walioapa kwamba kitengo kinavunjwa, na wapo waliosema anatafuta wa kumpunguza. Baadaye ikajulikana kwamba idara ya fedha ilikuwa imebadilisha muda wa kufunga hesabu, basi. Je, kiongozi anadaiwa sababu, au agizo lake linajitosheleza?

Msimamizi Mstaafu
Linajitosheleza. Kiongozi anayejieleza kila asubuhi hugeuka mshitakiwa kizimbani, na walio chini yake hugeuka mahakimu. Tena, mtu mzima anayesubiri kubembelezwa kwa sababu ndipo aifanye kazi anayolipwa mshahara huyo anahitaji mlezi, si msimamizi. Isitoshe, wataalamu walishathibitisha kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno bali ni sauti na uso, kwa hiyo timu inayomjua kiongozi wake humwelewa hata akinyamaza.

Mhasibu Asiyelala
Suala la sababu nawaachia wengine, kwa kuwa mimi nimekwama kwenye neno “mlezi”. Nina watoto watatu, na ulezi naujua kwa kuutoa, si kwa kuupokea. Mkuu wangu wa zamani alikuwa na msemo kama huo. Kila kikao alikifunga kwa kuuliza, “Kuna mwenye swali?”, huku kompyuta ameshaifunika na funguo za gari zimo mkononi. Siku moja nilikuwa nimeona tarakimu zisizolingana, nikazitazama zile funguo, nikanyamaza. Mwisho wa mwezi nikaulizwa mbele ya wenzangu kwa nini sikusema.

Mwalimu wa Takwimu
Naomba nimsahihishe mzee wetu kwa heshima. Ile asilimia 93 inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambayo yaligawa asilimia 7 kwa maneno, 38 kwa sauti na 55 kwa uso. Yalihusu hisia peke yake, hasa pale maneno na sauti ya msemaji vinapopingana, na Mehrabian mwenyewe amekataa yatumike kwa mawasiliano ya kila aina. Lau yangekuwa hivyo, sote tungeelewa taarifa ya habari katika lugha tusiyoijua, mradi tu mtangazaji awe na uso mchangamfu.

Msimamizi Mstaafu
Mwalimu, asilimia nakuachia, zigawe upendavyo. Ninachomjibu ni huyu ndugu wa funguo. Ulinyimwa nini? Uliulizwa waziwazi na mdomo ulikuwa wako. Mwenye jambo hulisema, na asiyelisema asimsingizie mwenye gari.

Fundi wa Zamu
Mzee wangu, si kila anayesema husikika. Jioni ya tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyounda roketi za kusukuma Challenger, chombo cha anga cha Marekani, walieleza kwa simu, tena kwa chati, kwamba baridi ingepunguza mnyumbuko wa pete za mpira zinazoziba viungo, na wakashauri safari iahirishwe. Wasimamizi wa NASA, shirika la anga lililokuwa upande wa pili wa simu, walionyesha kutoridhika, wakubwa wa kampuni wakajitenga kujadiliana, na waliporudi kwenye simu ushauri ulikuwa umegeuzwa. Kesho yake chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na wote 7 waliokuwamo wakafa. Tume ya uchunguzi ilibaini pia kwamba wakuu wa juu walioidhinisha safari hawakuwa wameelezwa pingamizi la wahandisi. Midomo ilikuwapo, mzee. Iliyokosekana ni njia ya kupanda hadi juu.

Msimamizi Mstaafu
Tulianza na taarifa za saa 4, sasa tumefika angani.

Muuguzi wa Zamu
Turudi chini basi, wodini. Daktari akitoa agizo la dawa kwa mdomo, mimi humrudishia jina la dawa, kipimo na njia ya kuitoa, naye husema ndiyo au hapana kabla sijagusa sindano. Hakuna anayeniona mtoto, wala daktari hajioni kizimbani. Agizo lisilorudishwa kwetu huhesabiwa halijafika.

Mwanzisha mada
Nashukuru, ila naona swali langu la sababu limegeuka kuwa swali la nani anyamaze na nani asikilize.

Msimamizi Mstaafu
Halijageuka, ndilo hilohilo. Sasa nijibu wewe uliyelileta: katika siku hizo 3 za kuapa na kukisia, yupo hata mmoja aliyemwendea mkuu wenu akamwuliza sababu?

Mwanzisha mada
Hakuna. Tulikuwa tunaulizana wenyewe kwa wenyewe.

Msimamizi Mstaafu
Ahaa.

Mhasibu Asiyelala
Mimi bado nasubiri kujibiwa kuhusu neno “mlezi”.