Geji ya spidi ya MGB 1972 imekufa: nitengeneze, nibadilishe, au nifunge ya Toyota?

RodstaSakina
Wakuu, habari za jioni. Gari ni MGB rodsta ya 1972, usukani kulia, gia nne, haina ovadraivu (gia ya ziada ya mwendo mkubwa). Ilitoka Uingereza, kwa hiyo geji ni Smiths ya maili. Dalili zilikuja hivi: kwanza mshale ulianza kucheza kati ya 30 na 50 wakati mwendo haujabadilika, zaidi asubuhi kukiwa na baridi. Baadaye ukawa unaruka hadi mwisho wa geji hata nikiwa natambaa nyuma ya bodaboda. Kisha mlio kama wa panya nyuma ya dashibodi, halafu "tak", kimya. Sasa mshale umelala na namba za maili hazisogei.

Fundi kaniambia nitoe yote nifunge geji ya Corolla ya zamani. Jumamosi ijayo natakiwa Moshi, na kati ya Usa River na Boma Ng'ombe mnajua habari za tochi za trafiki za kupima mwendo. Nianzie wapi?

KE70_Majengo
Mkuu, msikilize fundi wako. Geji ya Toyota ni ya kilomita, inapatikana, na inaendeshwa na waya kama hiyo yako. Ukihangaika na Smiths utasubiri spea mpaka mvua za masika. Kwa sasa puliza mafuta ya kopo ndani ya waya, uone kama mshale utarudi.

FundiGeji
KE70, kwa heshima, yote mawili hapana. Naanza na Toyota kwa sababu hesabu yake ni fupi.

Geji za waya za Kijapani zimetengenezwa kwa mizunguko 637 ya waya kwa kila kilomita. Hiyo MGB, kama kwenye uso wa geji kuna namba 1280, inatoa mizunguko 1280 kwa maili, yaani karibu 800 kwa kilomita. Ukifunga geji ya 637 kwenye gia boksi inayotoa 800, ukiwa kwenye 60 halisi mshale utasoma 75. Na odometa, yaani kihesabu umbali, itakuongezea robo ya safari: ukienda kilomita 80, yenyewe inaandika 100. Inawezekana kuweka kisanduku cha gia cha kupunguza mizunguko katikati ya waya, uwiano kama 0.8, lakini mpaka ukichonge, na uunganishe ncha za waya mbili zisizofanana, na geji yenyewe haikai kwenye tundu la dashibodi, bora ungetengeneza ya kwako.

RodstaSakina, angalia uso wa geji, chini kabisa, maandishi madogo. Kuna namba inayoanza na SN, na pembeni yake namba ya tarakimu tatu au nne. Hiyo ya pili ndiyo tunayoitaka.

Sasa ugonjwa. Dalili zako ulizitaja kwa mpangilio, na mpangilio huo ndio jibu. Ndani ya geji waya unazungusha sumaku. Juu ya sumaku kuna kikombe cha alumini ambacho hakiigusi. Sumaku ikizunguka inazalisha mikondo ya umeme kwenye kikombe, kikombe kinavutwa kuifuata, na springi nyembamba kama ya saa inakizuia. Mshale umekaa kwenye ekseli ya kikombe. Kwa hiyo mshale ukiruka hadi mwisho katika mwendo mdogo, maana yake kikombe hakivutwi tena kwa sumaku peke yake. Kuna kitu kinakigandisha nayo. Mara nyingi kitu hicho ni oili au grisi. Oili imeingia, imeshika vumbi, ikawa nzito kama lami, geji ikakaza, na ule "tak" ni waya kukatika kwa sababu gia boksi iliendelea kuuzungusha huku juu kumekwama.

Oili imetoka wapi? Kwenye gia boksi. Gia boksi ya MGB inatumia oili ya injini 20W-50, siyo ile nzito ya difu (gia za ekseli ya nyuma), na waya wa spidi umesokotwa kama skrubu. Sili ndogo ya pinioni, ile gia ndogo inayozungusha waya, ikichoka, waya unaipandisha oili hatua kwa hatua hadi kwenye geji. Ndiyo maana ukifunga geji mpya na waya mpya bila kugusa sili, utakuwa umenunua ugonjwa uleule kwa mara ya pili.

Hayo mafuta ya kopo: yanayeyusha grisi iliyokuwemo, yanakimbilia juu, yanafanya kazi ya ile oili kwa haraka zaidi.

MamaTorki
FundiGeji kasema kweli, ila tusihukumu kabla ya kufungua. Kaka, fanya hivi kesho, nusu saa inatosha.

Toa kwanza terminali ya betri. Ingiza mkono nyuma ya geji, fungua nati ya waya kwa vidole. Usitumie plaizi, ile nati ina meno ya kushikia na ikibanwa kwa plaizi inapoteza umbo. Vuta waya utoke. Angalia ncha: kavu au inang'aa oili? Kisha vuta waya wa ndani. Ukitoka kipande kifupi, umekatikia juu, na hilo linaitaja geji. Ukitoka wote mzima lakini ncha ya pembe nne imeviringika, tazama upande wa pinioni.

Kipande kilichobaki kizamishe kwenye tundu la geji, uzungushe kwa vidole. Geji nzima inazunguka laini, unasikia ukinzani kidogo tu wa gia za odometa. Ikigoma, usilazimishe.

RodstaSakina
Asanteni sana. Namba ni 1280. Waya umekatika kama sentimita 10 kutoka juu. Ncha imelowa, na nyuma ya geji kuna oili nyeusi imeshuka hadi kwenye zulia, nilidhani ni ya pedali. Geji haizunguki kabisa kwa kipande cha waya. FundiGeji unapiga ramli?

FundiGeji
Ni sumaku tu, hamna ramli. Basi kazi ni tatu: sili ya pinioni, waya mpya, geji kusafishwa. Anzia chini.

Inua gari kwenye stendi nne, siyo jeki peke yake. Pinioni iko nyuma ya gia boksi, waya unapoingilia. Futa uchafu pale kabla ya kufungua, kwa sababu mchanga ukiingia gia boksi ni deni jingine. Toa pinioni, hesabu meno uandike, angalia kama kuna yaliyolika. Badilisha sili na shimu yake ya karatasi. Midomo ya sili ipake oili kabla ya kuingiza, isianze kazi kavu. Kisha angalia kipimo cha oili ya gia boksi gari likiwa sawa kama liko juu ya meza: ikizidi, hata sili mpya itavuja.

Kabla ya kuagiza chochote, hakikisha gari lenyewe linatoa 1280. Magari ya umri huu yameshabadilishiwa difu na gia boksi mara nyingi, na geji ya MGB ya miaka ya mwanzo si ya namba hii. Weka alama mbili chini, mita 20 kati yake, sehemu iliyonyooka. Gia iwe nyutro. Chomeka kipande cha waya kwenye pinioni, kibandike bendera ya selotepu, mtu mmoja alale pembeni akihesabu huku wengine wakisukuma polepole. Zidisha kwa 50, unapata mizunguko kwa kilomita. Ukipata karibu 16, umepata 800, na geji yako ni yake. Ukipata 13 hivi, geji ya 1280 itakuambia uongo wa hatari: itasoma chini ya mwendo halisi. Usijaribu kwa kuinua tairi moja na kulizungusha. Difu inagawa mzunguko, hesabu inatoka nusu.

Kizamani_Njiro
Naongeza kuhusu tairi. Hesabu ya 1280 ni ya 165R14. Ukiwa na 185/70R14 tofauti ni ndogo, huna haja ya kuhangaika. Lakini 185/65R14, ambazo maduka ya tairi hapa mjini watakupa wakisema "ni zilezile", kipenyo kinapungua karibu asilimia 4 na geji itasoma zaidi kwa kiasi hichohicho.

RodstaSakina
Nimesukuma na vijana wawili: 16 kamili na robo ya kwanza ya 17. Tairi 185/65, Kizamani umenikamata. Meno ya pinioni mazima. Geji naifunguaje bila kuiua?

FundiGeji
Sawa, 16 na kidogo inaendana na tairi hizo. Geji ni yake.

Kuitoa: kitasa cha kurudishia tripu (kihesabu cha safari moja) kwenye sifuri kimeshikwa na nati chini ya dashibodi, fungua hiyo kwanza. Nyuma ya geji kuna nati mbili za vidole na mabano. Kwenye mojawapo kuna waya mweusi wa athi. Ukiusahau wakati wa kurudisha, taa za geji hazitawaka na utalaumu balbu. Waya mwekundu wenye mstari mweupe ni wa taa za dashibodi. Wa bluu wenye mstari mweupe ni wa taa kubwa. Piga picha, kisha vuta geji itoke upande wa kiti. Balbu zikiwa nje, badilisha kabisa: za skrubu, volti 12, wati 2.2.

Duara la kromu lina ndimi zinazoshika ukingo wa kopo la geji. Lizungushe taratibu mpaka ndimi zikutane na mapengo, linatoka lenyewe pamoja na kioo. Likigoma, pasha ukingo kwa kikausha nywele, ile mpira imeshakuwa jiwe. Ukitumia bisibisi kulichongoa, kioo kitapasuka kwanza.

Hapa ndipo watu huharibu. Kabla ya kung'oa mshale, uinue kidogo juu ya kile kipini cha kuuzuia, uuache ushuke upande wa pili hadi usimame wenyewe. Weka alama ndogo ya penseli hapo. Mshale wa Smiths haupumziki kwenye sifuri kwa uhuru, unakandamizwa kwenye kipini na springi. Ukiurudisha kwenye sifuri bila alama hiyo, geji nzima itasoma juu. Ung'oe kwa kuuzungusha kinyume cha saa huku ukiuvuta wima, vijiko viwili vidogo chini yake na karatasi ya kulinda uso. Uso wa geji usiuguse kwa petroli wala spiriti, maandishi yatatoka.

Ndani: spiriti ya duka la dawa, brashi laini ya rangi, sumaku na kikombe visafishwe hadi vikauke bila utelezi. Kikombe usikipinde. Ile springi nyembamba usiiguse hata kwa brashi, ikijikunja imekwisha. Sumaku isikaribie sumaku nyingine wala spika, nguvu yake ndiyo usahihi wa geji. Bushi ya chini ina kipande cha sufi: tone moja la mafuta ya cherehani. Moja.

MamaTorki
Na usipeleke garini bila kuipima. Kata kipande cha ule waya uliokatika, kifunge kwenye drili ya betri. Drili ikizunguka 1280 kwa dakika, geji ya 1280 inapaswa kusoma maili 60. Kwenye 640, isome 30. Drili nyingi hazina kipimo, azima takometa (kipima mizunguko) ya mkononi ya mwanga. Mshale ukijikandamiza kwenye kipini badala ya kupanda, umezungusha upande usio wake, geuza. Ukisoma 62 kwenye 60, shukuru Mungu na ufunge.

Odometa ikigoma huku mshale unafanya kazi, gia ndogo ya aloi imeteleza kwenye ekseli yake. Na kuanzia sasa usirudishe tripu gari likiwa kwenye mwendo. Meno yake ni laini kama sabuni.

KE70_Majengo
Nimekubali yaishe. Lakini waya? Kwa nini asitie wa breki ya baiskeli, kipenyo ni kilekile?

FundiGeji
Wa breki umetengenezwa kuvutwa. Wa spidi una tabaka zilizosokotwa pande zinazopingana ili uzunguke bila kujifungua. Wa breki utajisokota na mshale utacheza ngoma. Wa pikipiki ni mfupi na ncha zake si hizo. Agiza waya kamili, gamba na wa ndani, kwa urefu wa ule wa zamani.

Ukifika, viringisha wa ndani juu ya meza ya kioo: ncha ikiruka, una mkunjo, urudishe. Paka grisi nyepesi kwa vidole, filamu tu, na sentimita 20 za juu ziache kavu kabisa. Grisi nzito ya bearing, kwa baridi ya Arusha ya Juni na Julai, italeta ule mchezo wa asubuhi. Kona yoyote ya gamba isiwe kali kuliko nusu kipenyo cha sentimita 15, na waya ukae mbali na ekzosi. Upande wa geji wa ndani utokeze kama milimita 10 nje ya gamba: ukizidi, utakandamiza geji ikazane tena, ukipungua, utateleza. Nati ya geji kwa vidole tu.

Kizamani_Njiro
Kwa safari ya Jumamosi kama waya hautakuwa umefika: tumia takometa ya dashibodi, inayoonyesha mizunguko ya injini; yako ni ya umeme, haitegemei waya wa spidi. MGB gia ya nne bila ovadraivu inakwenda kama kilomita 28.8 kwa saa kwa kila mizunguko 1,000 ya injini, na gia ya tatu kama 20.8. Kwa hiyo kwenye vijiji vya 50, gia ya tatu usizidi 2,400. Gia ya nne, 2,700 ni kama 78. Tairi zako ni fupi, toa asilimia 4, mwendo halisi uko chini kidogo ya hapo. Linganisha na GPS ya simu kabla hujafika Usa River. Tundu la waya ulioutoa liziba kwa plastiki na mpira, na ncha ya pinioni usiiache wazi, oili itamwagika barabarani.

RodstaSakina
Nimeelewa. Swali la mwisho: geji ikirudi ni ya maili, trafiki hasomi maili na mimi kichwa hakifanyi hesabu nikiona tochi.

MamaTorki
Ukiwa umefungua kioo, bandika vipande vyembamba vya stika nyekundu kwenye ukingo wa ndani wa kioo, siyo kwenye uso: maili 31 kwa 50, 50 kwa 80, 62 kwa 100. Halafu andika mahali maili zilizosimama kwenye odometa na tarehe, kwa sababu kuanzia ule "tak" mpaka leo gari limetembea bila kuhesabiwa, na ratiba ya oili inaanzia hapo.