Wipeti kwa nyumba yenye watoto: nimchukue, au nitafute mbwa mwingine?

MamaZai
Wapendwa, habari za jioni. Wanangu wamenililia mbwa tangu mwaka jana, na baba yao hatimaye amekubali. Kuna mfugaji ana watoto wa wipeti, wale mbwa wembamba wa mbio, wa wiki sita. Jumamosi tulikwenda kuwaona, kitinda mimba wangu akasinzia palepale na mmoja mwenye soksi nyeupe miguuni. Mfugaji anataka jibu na amana kufikia Ijumaa. Nichukue huyu, au labrado kama wanavyonishauri kazini, au grehaundi aliyestaafu mbio? Naomba mawazo ya waliowahi kuwafuga.

Mzigua_wa_Pangani
Dada, umetupa nusu ya habari. Uko nchi gani? Watoto wana umri gani? Mchana nani anabaki nyumbani? Nyuma ya nyumba kuna uzio?

MamaZai
Samahani kaka. Tuko Leeds. Watoto wana miaka 4, 9 na 12. Mimi nafanya zamu za usiku, kwa hiyo mchana nipo ila nalala. Uzio upo, wa mbao, unanifika kifuani.

Bibi_Huddersfield
Mwanangu, hapo Leeds uko kwao kabisa. Wipeti ni mbwa wa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda wa huku Kaskazini mwa Uingereza. Waliwashindanisha kwenye vichochoro: mwenye mbwa anasimama mwisho wa njia anapunga kitambaa, mbwa anakifuata mbio. Wakawaita farasi wa mbio wa maskini. Ninaye wa miaka tisa. Wakikimbia wanafika kilomita 56 kwa saa, lakini hiyo ni dakika chache tu; saa zilizobaki yuko kochini, kajifunika blanketi mpaka pua. Hana makelele, hana harufu. Wewe unayelala mchana, mtalala wote. Ila baridi anaisikia kuliko wewe: koti la mbwa ununue kabla ya mbwa mwenyewe.

Otieno_K
Heshima kwako mama, lakini kwa mtoto wa miaka minne mimi nasema labrado. Anafundishika, anavumilia kuvutwa masikio, akianguka na mtoto wote wanainuka. Wipeti miguu yake ni kama vijiti. Na usiku uko kazini, nani analinda nyumba?

Bibi_Huddersfield
Otieno mwanangu, labrado anamwaga manyoya mwaka mzima, na asipotembezwa vya kutosha anatafuna hata miguu ya meza. Kulinda ni kweli, wipeti si mlinzi. Lakini aliomba mbwa wa familia, hakuomba askari.

SalmaCov
Naomba niseme yaliyonikuta, maana hakuna aliyeniambia mapema. Nilikuwa na wipeti jike wa kijivu. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba anaitika akiitwa. Nyumbani aliitika kweli. Asubuhi moja ya Novemba nikamfungua kamba kwenye bustani ya mtaa kwa kuwa sikuona mtu. Kindi akashuka mtini. Kabla sijaita jina, mbwa alishafika upande wa pili, kapenya kwenye seng'enge iliyokatika. Hakulia hata kidogo. Alirudi mwenyewe anatikisa mkia, nikaona kitu kinaning'inia ubavuni kama bitana ya koti lililochanika. Ilikuwa ngozi yake, imefunguka kama kiganja changu, nyama inaonekana. Nikamfunga kwa mtandio wangu, nikambeba hadi kwa daktari wa wanyama. Nyuzi 22, pauni 640, na bima sikuwa nayo. Binti yangu wa miaka mitano aliona yote. Mbwa alipona, lakini mtoto mpaka leo hataki kupita bustani ile. Ngozi yao ni nyembamba kama karatasi, na jicho likishaona kinachokimbia, sikio halisikii tena. Uzio wa kifuani, dada, anauruka.

MamaZai
Pole sana Salma. Sasa nimeogopa, maana tuna paka pia.

Mzigua_wa_Pangani
Paka! Hilo lilitakiwa kuwa la kwanza, dada.

AbuNasra_Muskati
Assalaam alaykum. Huku Omani tunaye saluki, binamu yake huyo, mbwa wa kuwinda. Katika Uislamu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wana ruhusa. Kumlaza kochini ni jambo jingine. Kwetu Mashafii chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo.

Otieno_K
Kaka, MamaZai hajasema ni Mwislamu.

AbuNasra_Muskati
Sikumhukumu. Na najua Wamaliki wanamhesabu mbwa kuwa twahara. Nimesema kwa kuwa wasomaji wengi hapa ni Waislamu.

MamaZai
Kaka, umenigusa penyewe. Sisi ni Wakristo, ila mama mkwe ni Mwislamu, huja kutoka Tanga kukaa nasi miezi miwili kila mwaka, na anaswali sebuleni. Sikuwa nimemfikiria.

SalmaCov
Mpe mama chumba kimoja ambacho mbwa haingii kabisa, na mlango ufungwe. Kwetu ilifaa. Lakini mwulizeni kwanza, asije akakuta mbwa mlangoni.

Bibi_Huddersfield
Na huyo mfugaji, mliwaona watoto wakiwa na mama yao? Tangu Aprili 2020 sheria ya England inataka hivyo. Asikupe mbwa kabla ya wiki nane, na awe ameshawekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi.

Mzigua_wa_Pangani
Mimi narudi kwa grehaundi aliyestaafu. Ni mkubwa, lakini kwa kuwa ameshakomaa tabia yake unaiona mapema, na baadhi ya vituo vinavyowatafutia makao huwajaribu kwanza na paka.

MamaZai
Mama yao tulimwona, alikuwa ananyonyesha. Nimempigia mfugaji kuomba wiki moja zaidi. Anasema kuna familia nyingine inamtaka yuleyule mwenye soksi nyeupe. Mama mkwe hajapokea simu. Mume wangu yuko nje na futikamba: uzio una mita 1.2.