Bando nalipa mimi, mashine ni yangu, halafu anayeuza matangazo ndiye anaamua nisiyazuie!

Wakuu, nimekaa na hasira hizi juu ya Google na kanuni zao za kivinjari tangu juzi, leo naziandika.

Nina steshenari, kompyuta nne na printa mbili. Wateja wangu ni wa kuprinti, kuskani na kujaza maombi ya ajira na mikopo. Juzi aliingia mama na binti yake, wanataka fomu ya kujiunga na shule aliyopangiwa kidato cha tano. Kijana wangu wa dukani akaitafuta, akaangukia tovuti moja ya hizi zinazokusanya fomu za watu na kuzizungushia matangazo. Vitufe vitatu vikubwa vya kijani, vyote vimeandikwa PAKUA, na vyote vitatu ni matangazo. Fomu yenyewe iko chini kabisa, kwa maandishi madogo ambayo mtu mwenye haraka hayaoni. Kijana akabofya cha kwanza, ikashuka programu ambayo hatukuiomba. Akabofya cha pili, kioo kizima kikaanza kumeremeta: hongera, umeshinda simu, weka namba yako.

Mama akanigeukia: "Kaka, ni kweli? Niiweke namba yangu?"

"Usiweke mama, hao ni wezi."

Aliniangalia kwa muda kabla ya kuamini. Mtu katoka nyumbani na hela ya kuprinti fomu ya mtoto, hana analojua kuhusu tovuti, na mtego umeshategwa palepale kwenye shida yake. Jioni nzima nikaimaliza nasafisha ile mashine, maana kila baada ya dakika chache ilikuwa inaibua arifa za kubeti pembeni ya kioo. Sikulala vizuri.

Kwenye mashine ile kulikuwa na kizuia matangazo, uBlock Origin, kiendelezi (programu ndogo inayobandikwa kwenye kivinjari), nilikiweka miaka mingi iliyopita na hakijawahi kuniangusha. Sikukizima mimi. Kivinjari kilijisasisha chenyewe, na baadaye ndipo nikakuta ujumbe kwamba kiendelezi hicho hakikubaliki tena.

Kwa ambao hawajalifuatilia suala hili: uBlock Origin ni kazi ya Raymond Hill, mtu anayekitoa bure na kukataa hata michango. Mwishoni mwa 2018 Google walitangaza kanuni mpya za viendelezi vya Chrome, wanaziita Manifest V3. Zikapigiwa kelele, zikaahirishwa, zikarudi. Mwaka 2024 wakaanza kuvizima viendelezi vya kanuni za zamani, na kufikia katikati ya 2025 hata zile njia za pembeni za kuvirudisha zikazibwa. Vivinjari vingi vimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, kwa hiyo likiamuliwa kule linashuka mpaka kwenye kompyuta yangu hapa uswahilini.

Kilichobadilika ni hiki. Zamani kiendelezi kilikuwa mlinzi wako mwenyewe getini. Kila ombi linalotoka kwenye ukurasa kwenda nje kuleta picha, video au tangazo, kinalitazama na kuamua hapohapo lipite au lisipite. Sasa mlinzi ameondolewa. Unachoruhusiwa ni kuandika orodha ya majina na kumkabidhi mwenye nyumba, yaani kivinjari chenyewe, naye ndiye anasimama getini, na orodha yenyewe imewekewa ukomo wa idadi ya kanuni za kuzuia. Ukitaka kubadilisha zile zilizokuja na kiendelezi, mara nyingi unasubiri toleo jipya lipite kwenye duka lao la viendelezi. Wenye matangazo wanabadilisha mbinu kila siku, wewe unasubiri foleni.

Sababu waliyotoa ni usalama na faragha ya mtumiaji. Hapa ndipo damu yangu inachemka. Kiendelezi chenye ruhusa bado kinaweza KUTAZAMA maombi yanayotoka kwenye kivinjari chako. Kutazama hakukuondolewa! Kilichoondolewa ni kuzuia. Na makampuni yanayosimamia kompyuta za wafanyakazi wao yameachiwa uwezo uleule wa kuzuia kwa viendelezi wanavyoviweka wenyewe. Kama ni hatari, kwa nini wao waachiwe na mimi mwenye steshenari ninyang'anywe? Mwaka 2023 kampuni mama ya Google iliingiza zaidi ya dola bilioni 300, na zaidi ya robo tatu ya hizo zilitokana na matangazo. Sihitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Mwezi Desemba 2022, FBI ya Marekani, polisi kabisa, waliwatangazia raia wao watumie kizuia matangazo wanapotafuta vitu mtandaoni, kwa sababu matapeli walikuwa wananunua matangazo na kujifanya kampuni halali. Polisi wanasema kitumie, ni kinga. Sisi tunanyang'anywa.

Na tuongee bando. Huku kwetu hakuna waya wa nyumbani ambao unalipia mwezi unasahau. Nanunua GB, naziangalia zikiisha. Video ya tangazo inayojiwasha yenyewe na sauti juu, nimeilipia mimi. Nimewahi kuona namba kwenye alama ya kizuia matangazo, ile inayohesabu vilivyozuiwa, ikipita mia moja kwenye ukurasa mmoja wa habari yenye aya nne! Vitu zaidi ya mia vilitaka kupita kwenye bando langu ili mimi nisome aya nne. Mwanafunzi aliyejiunga na bando la siku kwa shilingi zake chache, anayetafuta maswali ya mitihani iliyopita, anakatwa vivyo hivyo.

Najua watakuja wa kusema matangazo ndiyo yanalisha waandishi. Nakubali, na sina ugomvi na bango la duka lililokaa pembeni limetulia. Magazeti yameishi na matangazo miaka yote na sikuwahi kulalamika. Gazeti halikuwahi kunivuta mkono nikiwa nasoma, wala kunifuata mpaka nyumbani, wala kuniwekea alama ya X ndogo kuliko kucha ili nikosee niguse tangazo.

Msiniambie pia "weka kizuia chochote kile kutoka dukani kwao". Hilo ndilo linaniogopesha zaidi. Kuna kizuia matangazo kilichoitwa Nano Adblocker, watu walikiamini, mwaka 2020 mwenyewe akakiuza, na wanunuzi wakakigeuza cha kuchukua taarifa za watumiaji na kuzitumia akaunti zao za mitandao ya kijamii bila wao kujua. Kiendelezi kikishapata ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua, kinaona barua pepe yako na kinaona benki yako. Sasa cha uhakika kikiondolewa, watu hawaachi kutafuta. Wanachukua cha kwanza chenye jina linalofanana, na hapo ndipo wanaliwa.

Kwenye simu hali ni mbaya zaidi, na sisi wengi tuko kwenye simu. Chrome ya Android hii tuliyonayo mifukoni haijawahi kukubali viendelezi. Firefox ya Android inakubali, uBlock Origin kamili inakaa, bure. Firefox pia wamesema hawauondoi uwezo wa kuzuia kwa namna ya zamani. Nimemwekea binti wa yule mama kwenye simu yake kabla hawajaondoka, dakika tatu tu, na fomu tukaipata kwenye tovuti ya serikali isiyo na tangazo hata moja.

Mashine mbili za dukani nimeshazihamishia Firefox. Mbili zilizobaki zimenishinda, kwa sababu mfumo mmoja wa malipo ninaoutumia kila siku unafunguka kwenye kivinjari kilekile nilichokuwa nacho mwanzo tu, ukijaribu kingine unabaki mweupe. Mwenye kuijua njia ya kuuzunguka huo aandike hapa hatua kwa hatua, kijana wangu atafuata. Na mwenye steshenari au intaneti kafe aliyekutana na hili aseme amefanyaje, maana msimu wa fomu ndio kwanza umeanza.