Msaada: povu la alumini linanywea kabla halijaganda

FundiKalibu: Wakubwa shikamooni. Nayeyusha alumini chakavu, nasubu sufuria. Kuna mteja anataka vipande vyepesi vyenye matundu ndani kwa ndani. Nikitia dawa povu linapanda vizuri, kisha linanywea lote. Nakosea wapi?

BabaKuku: Mimi niliacha kusubu nikafuga kuku wa mayai. Usingizi nalala.

Msomi_wa_Metali: Alumini iliyoyeyuka ni kama maji yasiyo na sabuni. Metali inachuruzika kutoka kwenye kuta za mapovu, kuta zinakonda, zinapasuka. Wajapani waliotengeneza povu la alumini liitwalo Alporas walitia kwanza kalsiamu, kama asilimia 1.5, wakakoroga kwenye nyuzi 680 mpaka uji ukawa mzito. Ndipo wakaweka haidraidi ya titani, unga unaotoa gesi ya haidrojeni ya kuumua povu. Kanada wanapuliza gesi kwenye alumini yenye chembe ngumu za silikoni kabaidi. Chembe zinakaa kwenye kuta na kuzizuia zisipasuke. Dawa yako ipi?

FundiKalibu: Ya kawaida tu mkuu.

Msomi_wa_Metali: Itaje.

FundiKalibu: Magadi. Ila nayaanika juani yanakauka kabisa. Na advansi ya mteja nimeshanunulia gunia zima, siwezi kurudi nyuma.

MamaMaharage: Ndiyo maana magadi yamepanda bei!

Msomi_wa_Metali: Acha leo hii. Magadi yana maji ndani ya chembe zake, jua halitoi. Maji hayo yakizama kwenye alumini ya moto yanageuka mvuke ghafla, metali inakurukia usoni.

FundiKalibu: Navaa miwani.

BabaKuku: Miwani ya jua?

Mpelelezi255: Chai hii. Fundi gani anasubu bila hata picha moja? Huyu ni mwanachuo, anatafutiwa majibu ya mradi.

FundiKalibu: Simu haina chaji, picha baadaye.

Mpelelezi255: Haina chaji ila inajibu uzi 😂

Msomi_wa_Metali: Awe fundi, awe mwanachuo, magadi yatalipuka vilevile. Tumia chumvi: inayeyuka nyuzi 801, alumini 660, kwa hiyo punje zinabaki ngumu ndani ya metali. Ikaushe motoni, ishindilie punje zigusane, sukuma alumini kwa shinikizo maana haiingii yenyewe. Ikipoa, loweka kwenye maji chumvi itoke yote na kuacha matundu, ikibaki inakula alumini.

Mpelelezi255: Mnamfanyia mtihani.

FundiKalibu: Chumvi ya mawe au ya unga?